Talaka ya Kujengea Bwawa

Nchi ninayoisimulia siitaji jina. Si kwa woga. Woga wa nini, na wote tunajua kwamba kule kila mtu ana uhuru wa kusema na magereza yana nafasi ya kutosha? Ni adabu tu. Ni nchi njema, ina watu wapole na bendera nzuri. Msomaji ukiona inafanana na nchi unayoijua, jilaumu mwenyewe kwa kujuana na nchi za namna hiyo.

Siku moja Waziri wa Maji wa nchi hiyo alialikwa kuzindua bwawa la kuogelea la hoteli mpya. Alikata utepe, akahutubia, akashangiliwa, akahutubia tena. Mwisho akasema kwamba yeye si kiongozi wa maneno bali wa vitendo, akavua shati na kuruka kichwa mbele.

Bwawa lilikuwa limejengwa vizuri, vigae vimenyooka, halina ufa hata mmoja. Lilichokosa ni maji. Mabomba ya mji mkuu yalikuwa makavu tangu masika yaliyopita, na hoteli ilikuwa imemwandikia Waziri mwenyewe kuomba maji, ila barua ilikuwa ingali ikishughulikiwa.

Waziri hakufa, tunashukuru. Alivunjika bega na kupoteza meno ya mbele, na kwa muda wa wiki kadhaa hotuba zake zikawa fupi. Bunge lilikutana kwa dharura. Mabomba lisingeweza kuyalaumu, kwa sababu yalikuwa ya Waziri, na Waziri lisingeweza kumlaumu, kwa sababu alikuwa mgonjwa. Wakabaki mafundi. Ikapitishwa Sheria ya Maji Yaliyotuama: tangu siku hiyo, mtu yeyote anayechimba, kujenga, kukarabati au kwa namna yoyote kuwazia bwawa la kuogelea, sharti awe na leseni. Haikusema lolote kuhusu maji.

Katika mji huo alikuwapo fundi wa mabwawa jina lake Mrisho Tindwa. Mabwawa mengi ya wakubwa yalipita mikononi mwake, na yeye mwenyewe alioga kwa kopo na ndoo kama sisi wengine. Mkewe, Kidawa, alikuwa mtunza muhuri katika wizara hiyohiyo ya maji. Jioni Mrisho aliporudi na saruji imemganda kwenye nyusi, Kidawa alimkalisha kwenye kigoda, akampaka mafuta ya nazi, akamtoa chembe mojamoja kwa kucha huku akimsimulia vituko vya wakubwa zake. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajafika penye kichekesho, kwa hiyo mara nyingi Mrisho alicheka bila kujua anacheka nini. Walikuwa watu wa namna hiyo. Hawakuwa na mtoto nyumbani. Waliwahi kuwa naye, Mwanaidi, akafariki akiwa mdogo, na habari zake walikuwa hawazizungumzi.

Mrisho alipokwenda kuomba leseni hakuwa na wasiwasi. Alipokewa na Mkurugenzi wa Maji Yaliyotuama, Bwana Kisamvu, mtu mnene mwenye tai fupi.

"Ndugu mwombaji," alisema Mkurugenzi, akisimama ili aweze kusema vizuri, "katika muktadha mpana wa mustakabali wa maji yaliyotuama, na kwa kuzingatia misingi, mihimili na nguzo, taifa hili halitakubali tena mtu achimbe shimo kiholela. Je, unajua kuogelea?"

"Najua, mheshimiwa."

"Cheti?"

Mrisho hakuwa na cheti. Cheti kilitolewa na mwalimu wa kuogelea, baada ya mtihani katika bwawa lenye kibali. Bwawa lenye kibali lilikuwa halipo, kwa kuwa sharti lijengwe na fundi mwenye leseni, na fundi mwenye leseni alikuwa hajapatikana. Mkurugenzi alilifikiria jambo hilo akiwa amefumba macho. Kisha akakumbuka kwamba zulia la chumba cha mikutano lilikuwa la buluu.

Basi Mrisho akaogelea. Alilala kifudifudi mlangoni, akapiga makasia kwa mikono hadi kwenye kiti cha Mkurugenzi, akageuka, akarudi. Waamuzi walikaa pembeni na miguu yao wameiinua. Mmoja wao alimpunguzia alama akidai amerusha maji mengi. Hata hivyo alifaulu kwa daraja la wastani, magoti yakiwa yamechubuka.

Jioni Kidawa alipoyaona magoti yale alicheka mpaka akalala chini na kumwonyesha jinsi ambavyo angepaswa kupumua. "Mume wangu," alisema, "ungezama kwenye zulia la serikali, ningewaambia nini watu msibani?"

Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho walipocheka vile. Lakini tusitangulie.

Faili lilipanda. Lilikwenda kwa Mhandisi wa Mashimo, likaenda kwa Afisa Mizania ya Kina, likarudi likiwa na saini kama kanga iliyochakaa kwa madoa. Likabaki jambo moja, yaani muhuri. Na muhuri wa leseni za mabwawa, kwa mujibu wa sheria, ungegongwa na mtu mmoja tu katika jamhuri nzima, naye ni Kidawa. Walimchagua yeye kwa sababu muhuri uliotangulia uliuzwa na aliyekuwa akiutunza, na wa kabla ya huo uliuzwa pamoja na kabati lake. Kidawa alikuwa haibi. Walikuwa wamechunguza sana, wakaridhika kwamba ni ugonjwa wake wa kuzaliwa.

Mkurugenzi aliwaita wote wawili ofisini.

"Sheria inakataza," alisema kwa huzuni, "ofisa kumhudumia jamaa yake. Undugu kazini, ndugu zangu, ni saratani." Akamgeukia katibu muhtasi, ambaye ni bintiye, amletee maji, na binti akamtuma dereva, ambaye ni binamu yake. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa shemeji yake Waziri, kwa hiyo jambo la undugu alilijua kwa undani.

"Basi mtu mwingine agonge," alisema Kidawa.

"Hana mamlaka."

"Mnihamishe idara."

"Ukihama na muhuri unahama, kwa kuwa umesajiliwa kwa dole gumba lako."

"Basi mimi nifanye kazi nyingine," alisema Mrisho.

Kidawa akamtazama. Alimjua Mrisho. Wiki zile ambazo hakuwa na leseni alikuwa akikaa uani akipiga plasta ukuta ambao haukuhitaji plasta, akiubomoa, akiupiga tena. "Hapana," alisema. "Huna kazi nyingine wewe."

Mkurugenzi akakohoa. Akasema kwamba serikali haina roho mbaya. Serikali haikatazi fundi kuwa fundi wala mtunza muhuri kutunza muhuri. Inachokataza ni ndoa tu. Na ndoa, ukiitazama kwa jicho la kiutawala, ni mkataba unaoweza kusitishwa.

Walirudi nyumbani. Usingizi haukuwajia. Mwishowe Mrisho akasema, "Talaka moja, Kida. Karatasi tu. Wagonge muhuri wao, mimi nikurejee kabla eda haijaisha. Hata majirani hawatajua."

"Hata mimi usinijulishe," alisema Kidawa, akamshika mkono gizani.

Talaka ilitolewa ofisini kwa Mkurugenzi, mbele ya mashahidi na picha ya Mtukufu Rais. Mrisho alitamka neno lenyewe haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mkurugenzi akapiga makofi, kisha akaona si mahali pake, akaacha.

Ndugu, dini inasema mke aliye kwenye eda akae nyumbani kwa mumewe. Mkurugenzi alisema anaiheshimu sana dini, lakini dini haina mamlaka juu ya mabwawa. Kidawa akahamia kwa shangazi yake, ng'ambo ya mji. Na kwa kuwa serikali iliwahi kudanganywa siku za nyuma, ikateua Mkaguzi wa Talaka kuthibitisha kwamba wawili hao wameachana kwa nia njema.

Mkaguzi aliitwa Ngoda. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mkoba wa ngozi bandia, na aliomba radhi kila alipoingia. Alipokagua nyumba ya Mrisho alikuta shati limepigwa pasi. Akaandika: "Mtaliki hapigiwi pasi." Akafunua sufuria, akakuta mchuzi wa papa wenye ukwaju, akauonja, akafumba macho. "Mchuzi huu," alisema, "haukupikwa na mwanamume aliyeachwa peke yake. Samahani sana, kaka yangu." Akala, akaandika, akaondoka.

Ukatakiwa uthibitisho zaidi. Wagombane mbele ya Mkaguzi.

Mara ya kwanza walikutana kwa shangazi. Ngoda alikaa kwenye mkeka, akafungua kalamu, akasema, "Karibuni. Gombaneni."

"Wewe," alianza Mrisho, "unazidisha chumvi."

"Na wewe unakoroma."

"Nakoroma?"

"Kama mashine ya kusaga."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilikuwa nasikiliza," alisema Kidawa, na midomo ikaanza kumcheza. Ngoda akaandika kwamba wametabasamu. Wakafeli.

Mara ya pili walijiandaa. Walipeana maneno kupitia kwa shangazi, wakayakariri. Mkaguzi aliwasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mmekariri, ndugu zangu. Hapa dada umeruka mstari, kaka akakungoja." Wakati huo eda ilikuwa imekwisha, faili likiwa bado mezani. Neno la kurejea peke yake lilikuwa halitoshi tena. Ingehitajika ndoa mpya, na mahari mpya, na shehe. Mrisho alipoambiwa alikaa chini barabarani, kando ya mtaro, suruali yake safi ikalowa.

Mara ya tatu ilikuwa ya mwisho. Wakifeli, ombi linafutwa, na fundi haruhusiwi kuomba tena maisha yake yote.

Ilikuwa asubuhi ya joto. Shangazi alikwenda kutafuta maji. Ngoda alikaa palepale kwenye mkeka. "Sitaki chumvi," alisema kwa upole. "Sitaki kukoroma. Kila nyumba ina neno lake moja. Nawasihi. Hata mimi nina mtu wa kuniuliza."

Wakakaa. Mrisho alitazama sakafu. Kidawa alikuwa akikunja pindo la mtandio wake na kulikunjua. Nje mtu alikuwa akigonga bati.

"Sema basi," alisema Kidawa. "Nipate kurudi nyumbani. Sema lolote."

Mrisho akasema, na mimi naamini alisema akidhani anamsaidia: "Siku ile. Mtoto anachemka mwili mzima. Ukamwacha kwa jirani ukaenda kugonga muhuri."

Bati likaendelea kugongwa.

"Rudia," alisema Kidawa.

"Ulimwacha."

"Nilimwacha kwa sababu walisema nisipofungua kabati ninafukuzwa! Nilikwenda kufungua kabati, Mrisho. Nikarudi nakimbia, viatu mkononi. Na wewe? Nilikutumia mtu. Nikakutumia wa pili. Ukamwambia nini?"

"Kida."

"Ulimwambia nini?"

"Zege la bwawa halikatishwi," alisema Mrisho, sauti ikiwa haisikiki vizuri. "Ukilikatisha linaweka ufa. Ndivyo lilivyo. Nilijua ni homa tu. Watoto wanapata homa."

"Halikatishwi! Ukamaliza kumwaga zege la Waziri, ukanawa miguu, ukaja. Ukamkuta nimeshamfunika. Na hujawahi kusema neno. Miaka yote nakutoa saruji usoni, nasema labda leo atasema. Nakutoa saruji ileile, Mrisho!"

"Na wewe hujawahi kusema. Ulinitazama tu. Kila siku ulikuwa unanitazama."

Kidawa akajifunika uso kwa mtandio. Mrisho alinyanyuka, akaenda dirishani, akashika nondo za dirisha kama mtu aliyefungwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba Mkaguzi yupo. Ngoda alikuwa amesahau kuandika. Kalamu yake ilivuja kwenye suruali, na doa likaendelea kukua bila yeye kuligusa.

"Imetosha," alisema hatimaye. "Mmefaulu."

Hakuomba radhi siku hiyo. Alifunga mkoba wake akatoka, na watu wa mtaani wanasema alitembea hadi kwake kwa miguu ingawa ni mbali.

Leseni ilitoka. Mkurugenzi aliikabidhi katika hafla yenye tarumbeta, akamtangaza Mrisho kuwa fundi wa kwanza na wa pekee wa mabwawa mwenye leseni katika historia ya taifa, akaeleza kwamba mchakato huu umekuwa shirikishi, wazi na wenye sura ya kibinadamu. Kidawa aligonga muhuri mbele ya kamera. Mrisho alisema ahsante, naye akasema karibu. Magazeti yaliandika kwamba wahusika walionekana wakiwa na utulivu.

Kazi zilikuja kama mafuriko. Alijenga bwawa la Kurugenzi yenyewe, wakalijaza kwa malori yaliyochota kwenye visima vya mtaa wa shangazi. Alikuwa na mafundi chini yake. Nyusi zake zilikuwa na saruji, naye alizikwangua kwa kipande cha kioo, peke yake, vibaya, mpaka nyusi moja ikaanza kuota upara.

Mtauliza kwa nini hawakuoana tena. Sheria ilikuwa na kifungu: fundi akimwoa tena mtunza muhuri, leseni inafutwa na wote wawili wanashtakiwa kwa kuidanganya serikali kwamba wanachukiana. Hiyo ndiyo sababu waliyowapa watu. Ilikuwa sababu nzuri, ilikuwa ya serikali, na waliitumia muda mrefu bila kuhitaji nyingine.

Kila mwaka leseni ilipaswa kuhuishwa. Mrisho alipanga foleni kwenye dirisha la Kidawa kama mtu yeyote.

"Jina la mwombaji?"

"Kida, unanijua."

"Jina la mwombaji." Nyuma ya Kidawa alisimama binti wa Mkurugenzi, akitafuna karanga.

"Mrisho Tindwa."

"Hali ya ndoa?"

"Nimeacha."

"Una uhusiano wowote na ofisa wa Kurugenzi hii?"

Mrisho alitazama mikono yake. Ilikuwa imepasuka kwa saruji, na alijua kwamba mwanamke wa upande wa pili wa kioo anaiona na anajua mafuta gani yangeifaa. "Sina," alisema. Muhuri ukagongwa. Uliingia upande, na Kidawa akajaribu kuunyoosha kwa kidole, wino ukachafuka.

Sheria haikudumu milele. Waziri, aliyekuwa amepona zamani, akapewa wizara nyingine kwa ujasiri aliouonyesha. Waziri mpya akataka bwawa nyuma ya nyumba yake, na fundi aliyemtaka alikuwa mdogo wake, ambaye hakuwa na leseni wala hakujua kuogelea, hata kwenye zulia. Ikaonekana wazi kwamba leseni ni kikwazo kwa maendeleo. Bunge lilikutana baada ya chakula cha mchana na kuifuta sheria kabla ya chai. Kurugenzi ikavunjwa. Bwana Kisamvu akawa balozi. Nafasi ya mtunza muhuri ikafutwa, na Kidawa akapewa kikombe chenye nembo ya wizara.

Mrisho alisikia habari hizo redioni, akiwa ndani ya shimo. Alitoka, akaoga, akavaa kanzu. Akanunua sukari na majani ya chai, kama mtu anayekwenda kuposa, akavuka mji mzima.

Kidawa alimkaribisha vizuri. Aliipokea sukari kwa mikono miwili, akapika chai hiyohiyo. Walikaa kwenye mkeka. Walikuwa wamezeeka kidogo, na kila mmoja aliona hivyo kwa mwenzake, akainamisha macho kwa heshima.

"Wamefuta," alisema Mrisho.

"Nimesikia."

"Basi turudi nyumbani, Kida. Yale yalikuwa ya mkaguzi. Tuliyasema kwa ajili ya mkaguzi."

Kidawa alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Siku ile ulisema kweli?"

"Nilisema ili tufaulu."

"Sikuulizi tulifaulu au hatukufaulu. Nauliza ulisema kweli?"

Mtu huyu aliidanganya jamhuri nzima kwa dirisha dogo la kioo, mwaka baada ya mwaka, bila kupepesa macho. Alifungua mdomo amdanganye na mkewe, mara moja tu, kwa jambo lenye faida. Mdomo ukakataa.

"Mimi pia nilisema kweli," alisema Kidawa. Akamjazia kikombe. Hakuwa na hasira, nadhani hasira ingekuwa afadhali. "Kaka yangu kule bara ameniita. Ana watoto wadogo, mkewe mgonjwa. Kesho nataka kwenda."

"Kesho?"

"Nina begi zito kidogo. Ukipata nafasi unisindikize kituoni."

Asubuhi alimsindikiza. Alibeba begi begani na kikombe chenye nembo mkononi, kwa sababu hakikuingia. Kituo kilikuwa kimejaa watu, mabasi ya mikoani yakinguruma, wapiga debe wakivutana na mizigo. Njiani walizungumza vizuri tu: bei ya mchele, afya ya shangazi, bomba la mtaa wa pili ambalo lilitoa maji siku moja na kuwatisha watu. Mara moja Kidawa alicheka kabla hajafika penye kichekesho, kisha kichekesho chenyewe kikampotea, wakaendelea kutembea.

Walifika kwenye dirisha la tiketi pamoja, bega kwa bega. Karani hakuinua kichwa.

"Mnasafiri wote wawili?"

Kidawa alimngoja Mrisho ajibu. Mrisho alimngoja Kidawa. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wameanza kuguna.

Karani akakata tiketi moja.